Nimeonja, M.

Jumatatu, 5 Machi 1956

Inatangazwa rasmi, kwa wanaohusika na wasiohusika, kwamba kati ya Jumamosi mchana na leo asubuhi mende wa kituo hiki wamekula lebo ya chupa ya sukari, yote, pamoja na tarehe. Bendera haitashushwa. Marehemu lebo ameacha alama ya gundi tu, nayo nimeifuta kwa kitambaa.

Kwa kuwa daftari hili nimeliokota tupu, lililoachwa na karani aliyehamishwa, nitaeleza mambo kama kwa mgeni. Mimi ni Muharami, mzaliwa wa Iringa, mkaaji wa Ilomba, mhudumu wa maabara katika kituo cha nzige hapa Mbeya. Kwenye rafu yetu kuna chupa mbili kubwa: kushoto maji ya sukari, kulia maji ya chumvi. Kwa macho ni maji na maji. Lebo tunazibandika kwa uji wa ngano, na mende wa huku wanaupenda uji wa ngano kuliko mimi.

Amri ya Bwana Ferris, mkubwa wangu hapa, ni hii: lebo ikiliwa, mhudumu adondoshe tone kiganjani, aonje kwa ncha ya ulimi, aandike lebo mpya, halafu atie sahihi kwenye kitabu cha chupa: "Nimeonja", na herufi ya kwanza ya jina lake. Na kila asubuhi kabla ya kazi aonje tena, atie sahihi tena.

Nimeonja. Ilikuwa sukari. M.

Jumanne, 6 Machi

Mvua.

Alhamisi, 8 Machi

Mvua. Nieleze kazi yenyewe, maana hata mke wangu Mwanakhamisi huwaambia majirani kwamba nalisha panzi.

Nzige huuawa kwa pumba zilizotiwa sumu, zikamwagwa mashambani. Taabu ni kwamba akiona majani mabichi pembeni huzipita pumba. Basi Bwana Ferris ametumwa kutafuta kitu cha kutia ndani ya pumba ili nzige azione tamu. Kwa ajili hiyo anachunguza nzige anaonjaje. Anaonja kwa vinywele vilivyo mdomoni na miguuni. Bwana ana miaka mitatu anachungulia vinywele hivyo, na yeye mwenyewe hana hata kimoja kichwani. Mzee Jailos, anayewakatia nzige majani na kufagia, humwita Kipara. Humwita hivyo kwa heshima zote, na akiwa mbali.

Mzee Jailos ni Mnyakyusa, mkulima wa viazi mlimani, ana wajukuu. Kila saa nne hunywa chai nyeusi, kavu.

"Sukari inaharibu meno, Fundi," huniambia. Ana meno manne.

Jumatano, 14 Machi

Leo nimekata. Kukata nilijifunza kwa kumtazama Bwana aliyemtangulia huyu. Sina cheti, nina darasa la nne na mkono usiotetemeka. Unachukua mdomo wa nzige, unauzamisha kwenye nta, nta ikiganda unaikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba hata ukivipulizia pumzi vinaondoka zao. Vipande sitini, kizuri kimoja. Unakitia rangi, unakiweka chini ya hadubini, unafumba jicho moja.

Kila unywele wa kuonjea ni mrija wenye tundu nchani. Chini yake, ndani ya ngozi, zimekaa chembe nne au tano za kuonja, na kila moja imetuma uzi wake juu kwa juu mpaka kwenye lile tundu. Hizo ndizo anazozitaka Bwana. Lakini zimezungukwa na nyingine tatu, nene, zimezikumbatia kama wanawake waliomzunguka mwenzao mkunga hajafika. Hizi tatu hazionji kitu. Moja imejenga unywele wenyewe. Ya pili imejenga kitako unakosimamia unywele. Ya tatu imefunga ule uzi ndani ya ala. Nimelijua hilo kwa kukata nzige waliokuwa karibu kujivua gamba: unywele wa zamani ungali juu, na chini yake chembe nene imekwisha kuanza kusukuma mwingine mpya.

Nimemwonyesha Bwana.

"Ndiyo," akasema. Kiswahili chake amekisomea kitabuni, hakina kasoro hata moja, ndiyo maana watu hucheka. "Hizo ni chembe za kusaidia tu, Muharami. Chora zile za kuonja."

Nimechora za kuonja. Kisha, kwa kuwa karatasi ilibaki, nikachora na zile tatu. Nimezipa jina: wapagazi. Babu yangu aliingia Iringa na robota la kaniki kichwani, na hakuna kitabu kilichoandika jina lake. Cha mwenye kaniki kipo.

Jumatano, 21 Machi

Chupa ya sukari inapungua upesi kuliko ya chumvi. Bwana asema ni mvuke. Nimeijaza. Nimeonja, M.

Jumatatu, 2 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mzee Jailos hayupo, nimekata majani mwenyewe, nimelowa mpaka mifupani. Chupa ya sukari haikupungua leo. Mvuke nao umekwenda kanisani.

Jumatatu, 9 Aprili

Shemeji yangu Matano, kaka yake mke wangu, ameleta habari kwa lori la mpunga kutoka Chimala: nzige wameonekana kwenye mbuga za Usangu, karibu na mashamba ya mpunga, na mpunga unakaribia kuvunwa. Ametuma pia debe la nzige wenyewe, wazima, wote wametoka kujivua gamba la mwisho. Bwana Ferris amefurahi kama aliyeletewa mbuzi.

Wale wetu wa zamani, tuliowajaribu Februari na Machi, walipenda sukari na kukimbia chumvi. Sasa tutawajaribu hawa.

Ijumaa, 13 Aprili

Mwezi ulionekana jana. Ramadhani. Nimefunga. Baridi, ukungu mpaka saa tano, njia kutoka Ilomba imekuwa ndefu kuliko juzi. Saa sita nimekwenda msikitini, nikamwacha Mzee Jailos na maabara.

Jumamosi, 14 Aprili

Mende wamekula lebo zote mbili.

Nilisimama mbele ya rafu, mdomo mkavu, nikafikiri: sukari ni sukari, hata tone. Siwezi kuvunja saumu ya Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mende. Chupa ya kushoto ni sukari tangu enzi na enzi. Ya kulia ni chumvi. Nikaandika lebo mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Safari hii nikatia pilipili ya unga kwenye uji wa ngano, tuone hao mende.

Kitabuni nikaandika: Nimeonja, M.

Ni herufi tu, nikajiambia. Herufi haifungui mtu.

Jumatatu, 16 Aprili

Mende hawakugusa. Pilipili ni dawa. Nimemwambia Bwana, amesema ataandika barua kuhusu jambo hilo.

Mzee Jailos leo aliinua bakuli lake la chai, akanywa, akaitema dirishani. Kisha akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Nadhani harufu ya kinywa cha mfungaji inamkera.

Nimeonja, M.

Jumanne, 17 Aprili

Nimeonja, M.

Ijumaa, 20 Aprili

Uchovu. Mwanakhamisi ananiamsha kula daku nami nala nimefumba macho. Jioni amepika maharage ya nazi. Nazi moja kutoka pwani imesafiri wiki mbili. Nimeketi jikoni kuota moto, nikamtazama akionja chumvi kwa ncha ya mwiko, akatema pembeni, akaongeza kidogo. Nilimtazama tu, sikufikiri neno. Mtu mwenye njaa hafikiri, anatazama mwiko.

Mzee Jailos hanywi tena chai. Nimemuuliza kulikoni.

"Na mimi nimefunga," akanijibu, akaenda zake na ufagio.

Jumanne, 24 Aprili

Leo limetokea jambo.

Bwana alianza kuwajaribu wale wa Chimala. Namna yake ni hii: unamshika nzige, unagusa kinywele cha mdomo wake kwa brashi nyembamba yenye tone. Akipenda, mdomo unafanya kazi, anasogea. Asipopenda, anarudi nyuma na kujifuta kwa mguu. Bwana aligusa sukari: wakarudi nyuma. Akagusa chumvi: wakasogea. Nzige arobaini, siku nzima, wote vivyo hivyo.

Bwana akakaa chini. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Muharami, chupa zimeonjwa?"

Nikamletea kitabu. Akapitisha kidole ukurasa mzima: Nimeonja, M., Nimeonja, M., Nimeonja, M. Akakifunga taratibu.

"Vizuri," akasema. "Basi ni kweli."

Ijumaa, 27 Aprili

Siku tatu Bwana hajatoka kwenye hadubini. Leo ameniita na ile karatasi yangu ya Machi, iliyokuwa na wapagazi. Alikuwa ameihifadhi! Akaitandaza mezani, akaweka kidole juu ya zile chembe tatu nene.

"Hawa wako," akasema, "ndio wenye siri."

Akanieleza. Wale wa zamani walikuwa na gamba kuukuu. Hawa wa Chimala wametoka kujivua. Anayejenga unywele mpya ni nani? Ni chembe za kusaidia. Anayetia majimaji ndani ya mrija ni nani? Ni hizo hizo. Basi baada ya kujivua, asema Bwana, majimaji ya wasaidizi yanageuza ladha: chumvi inakuwa tamu na sukari chungu. Chembe za kuonja hazijui kitu, zinaonja kile zilicholetewa.

Neno "tu" halikutoka kinywani mwake hata mara moja.

Na akasema mchoro utakwenda makao makuu pamoja na ripoti, uchapishwe, na chini yake yaandikwe maneno: Umechorwa na Muharami wa Mbeya.

Nimerudi Ilomba bila kuhisi njaa. Sijamwambia mtu. Nilimwambia Mwanakhamisi.

"Hivyo vijidudu vyako?" akasema. "Haya, hongera, Baba Rukia. Sogea, unanizibia moto."

Jumanne, 1 Mei

Ripoti imekwenda. Bwana amepata ruhusa ya kujaribu: gunia sitini za pumba za mpunga, chumvi, na sumu. Lori litaondoka Jumatano ya tarehe kumi na sita kwenda Chimala, zimwagwe mbugani.

Nimeonja, M.

Alhamisi, 3 Mei

Chupa ya sukari haipungui tena hata kidogo. Bwana asema mvuke umekoma kwa sababu ya baridi.

Jumapili, 6 Mei

Matano amekuja na mchele wa sikukuu. Ni mtu mkubwa, anaongea kama anayeita ng'ombe, kwa sababu ndiyo kazi yake: ana ng'ombe kumi na tisa na mbuzi hata hesabu hana, wanazurura mbuga ile ile.

Wakati wa futari alikuwa akicheka habari za dume lake lililotafuna shati alilolianika kichakani.

"Shati zima, shemeji! Limeacha kola. Jasho langu lina chumvi, ndicho linachokitaka. Ng'ombe wa kwetu ukimwonyesha chumvi anamwacha hata ndama. Wanalamba udongo, wanalamba mawe, juzi jike moja limemlamba mke wangu mguu."

Mwanakhamisi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliirudisha tende sahanini.

Jumatatu, 7 Mei

Nimemwambia Bwana habari za ng'ombe na chumvi. Alinisikiliza vizuri.

"Nimelifikiri," akasema. "Wafugaji wataambiwa wawafunge mifugo siku tano. Ingekuwa sukari ndiyo wanayoipenda nzige, tungetia sukari guru, na hatari ingepungua. Lakini siwezi kuwabadilisha nzige, Muharami. Wewe mwenyewe umeonja."

Siku tano. Nani atamfunga mbuzi wa Matano siku tano? Matano mwenyewe hajui wako wapi siku moja.

Ijumaa, 11 Mei

Mwezi umeonekana. Alhamdulillahi. Magoti yananiuma.

Jumamosi, 12 Mei. Idd

Sina budi kuandika kirefu, ingawa ningependa kulala.

Tuliswali, tukarudi. Mwanakhamisi alipika pilau, na kwa kuwa Mzee Jailos ni mwenzangu wa kazi mwaka wa nne sasa, nilimtumia mtu amkaribishe. Sikutegemea aje. Alikuja, na kapu la viazi, na koti lake la kanisani, akaketi mkekani na uso mgumu. Akala pilau vizuri. Kisha Mwanakhamisi akamletea chai ya maziwa.

Mzee Jailos akaitazama ile chai. Akachovya kidole cha mwisho, akakilamba, akangoja kidogo. Ndipo akanywa.

"Mzee," nikamwambia, "mbona unaonja kwanza? Unadhani tumekuwekea dawa?"

"Kwako wewe, Fundi, mimi naonja kwanza. Nimekwisha kufundishwa."

"Nimekufundisha mimi? Nini?"

"Usijifanye hujui, mwe! Wewe si ulinitegea chumvi? Mwezi mzima! Nimekaa na neno lako moyoni mwezi mzima, naomba kwa Mungu aniondolee hasira, na wewe unanitumia watu nije kula pilau."

Mwanakhamisi alishusha birika. Nilimwomba Mzee Jailos aanze mwanzo, na akaanza, huku akitazama kikombe.

Tangu mwaka juzi amekuwa akitia sukari ya serikali katika chai yake, kutoka chupa ya kushoto, vijiko viwili kila saa nne. Huo ndio mvuke. Ijumaa ile ya kwanza ya Ramadhani, nilipokwenda msikitini, alikuwa ameziteremsha zote mbili mezani apate kufuta rafu, akiwa pia amejichotea sukari kidogo. Mara akasikia viatu vya Kipara mlangoni. Akazirudisha haraka haraka.

"Kushoto au kulia, sikutazama. Haka kazee kanatembea kama paka. Jumatatu naja, naona lebo nzuri, mpya, mwandiko wako, imeandikwa SUKARI. Natia. Nakunywa." Akakunja uso. "Nikajua, Fundi amenigundua. Amebadilisha makusudi anikomeshe. Sawa, mimi mwizi, lakini si ungeniambia tu kama mtu mzima? Unaniandikia lebo ya uongo?"

Nilisogeza sahani pembeni.

"Mzee," nikasema mwisho, "sikukutegea. Sikujua."

"Hukujua vipi? Wewe unaonja kila siku, si unaandika kitabuni?"

Nikamwambia. Sikuwa na pa kujificha: kwamba nilikuwa nimefunga, kwamba niliandika bila kuonja, mara ishirini na nne.

Mzee Jailos akaweka kikombe chini. Nilidhani atanisema. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti.

Mwanakhamisi hakucheka.

"Baba Rukia. Kwa nini hukuonja?"

"Nilikuwa nimefunga, Mama Rukia."

"Na mimi nilikuwa nimefunga nini? Hukuniona kila siku naonja mchuzi? Naweka kwenye ncha ya ulimi, natema. Mwenye kazi ya kuonja ana ruhusa, hata Mwalimu Othmani alitueleza darsani, sisi wapishi. Umekaa hapo jikoni mwezi mzima unanitazama! Ungeniuliza!"

Sikuwahi kufikiri kwamba katika jambo la maabara ningemuuliza yeye. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha yeye mwenyewe akauliza lile ambalo mimi nilikuwa nalizunguka: "Na lile lori la chumvi linalokwenda kwa kina Matano?"

Jumapili, 13 Mei

Kituo kimefungwa. Nimeketi nyumbani siku nzima na mchoro mwingine wa wapagazi, nakala. Ni mchoro mzuri. Kivuli kimekaa mahali pake, ala inaonekana. Nikinyamaza, utachapishwa. Nikinyamaza, pumba zitamwagwa, nzige watazipita, na ng'ombe wa Matano watazila mpaka wakaze miguu.

Labda watawafunga siku tano.

Hawatawafunga.

Jumatatu, 14 Mei

Nilifika kabla ya wote. Nikadondosha tone la chupa ya kushoto kiganjani, nikaonja. Chumvi. Kulia, sukari. Nilionja mara tatu tatu, kama nilikuwa nalipa madeni ya mwezi.

Bwana alipoingia nilikuwa nimesimama kati ya chupa na mlango, na kitabu mkononi.

"Bwana, nzige hawapendi chumvi. Lebo zimekosewa. Nilizikosea mimi."

Hakunielewa, au hakutaka. Akaenda rafuni, akaonja mwenyewe kwa kidole, kwanza moja, kisha ya pili. Akabaki amesimama, mgongo kwangu, kichwa chake kikimeta kwa mwanga wa dirisha. Nje Mzee Jailos aliacha kufagia.

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na nne, mwezi uliopita."

"Lakini uliandika kwamba umeonja."

"Niliandika. Sikuonja. Nilikuwa nimefunga, Bwana."

Akageuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, hata nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee kuliko nilivyodhani.

"Ulipoandika 'nimeonja', saumu iliendelea?"

Nikaweka kitabu mezani.

"Nauliza ili nielewe," akasema. "Kuonja kungeifungua, lakini kusema uongo hakukuifungua?"

Kiswahili hakina kasoro hata moja. Nilitamani angalau akosee neno.

"Nimekosa, Bwana," nikasema. "Na mke wangu asema hata kuonja kusingeifungua."

Akaketi. Akauliza nani alizihamisha chupa. Ufagio nje ulikuwa kimya bado.

"Labda mimi," nikajibu. Huo nao ulikuwa uongo, lakini Ramadhani imekwisha.

Akachukua karatasi, akaandika telegramu kwa makao makuu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Ilimchukua saa nzima kuandika maneno kumi. Kwamba ripoti irudishwe. Kwamba lori lisiondoke. Kwamba alikosea. Aliandika "nilikosea", hakuandika "mhudumu wangu alikosea". Niliiona, kwa sababu niliipeleka posta mimi.

Niliporudi, nakala ya mchoro wa wapagazi aliyobaki nayo Bwana ilikuwa mezani pangu, imekunjwa mara mbili.

Hakunifukuza. Sijui kama ni huruma au ni kwa kuwa hakuna mwingine wa kukata. Sikuuliza.

Jumatano, 16 Mei

Lori halikuondoka.

Alhamisi, 17 Mei

Saa nne Mzee Jailos aliniletea chai, ya kwangu kabla ya yake. Ilikuwa na sukari. Ni ya kwake mwenyewe, amenunua ratili nzima, ameifunga kwenye karatasi na kuandika juu JAILOS. Nimemwonya kuhusu mende. Asema atatia pilipili.

Jumatatu, 28 Mei

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nzige kumi na mmoja wamekufa kwa baridi.

Tumerudia majaribio yote. Kila asubuhi tunaonja wawili, Bwana na mimi, kama wagonjwa na dawa, na tunatia sahihi mbili. Nzige wa Chimala wanapenda sukari. Wanakimbia chumvi. Ni kama nzige wengine wote duniani. Pumba zitatiwa sukari guru.

Ila mmoja, kutoka wale wa kizimba cha nyuma, alijivua gamba leo saa mbili, mbele yangu. Nilimgusa sukari: hakusogea. Nikamgusa chumvi: hakurudi nyuma. Alisimama tu, laini, mweupe, kama aliyesahau alichotumwa. Nikamgusa kila saa. Saa kumi jioni ndipo mdomo ulipoanza kuitafuta sukari. Siku nzima wapagazi walikuwa hawajamaliza kujenga.

Basi lilikuwapo jambo, dogo, na la kweli. Nilimwambia Bwana. Aliandika kipande cha karatasi, akakibana ukutani.

"Baadaye, Muharami," akasema. "Tukipata nafasi."

Hakusema "tu".

Jumanne, 5 Juni

Gunia sitini zimechanganywa na sukari guru, bado sumu. Bohari yote inanukia kama harusi. Mende wamehama maabara, wamehamia huko. Lori litaondoka Jumatatu.

Jumatatu, 11 Juni

Lori limetiwa mafuta, limesimama mlangoni. Posta imeleta mambo mawili.

La kwanza ni maneno ya Matano, yameandikwa na karani wa duka la Chimala: ng'ombe wazima, mbuzi wazima isipokuwa waliopotea, mpunga unavunwa. Wiki iliyopita ndege ilipita chini chini juu ya mbuga ikimwaga ukungu unaonuka, na kesho yake nzige walikuwa wamelala chini wote, wengi hata ukitembea wanalia chini ya kiatu. Auliza kama ile ndege ni ya kwangu.

La pili ni barua ya makao makuu kwa Bwana Ferris. Aliisoma amesimama, kisha akanipa niisome na mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ina aya tatu. Ya kwanza yashukuru kwa telegramu. Ya pili yasema chumba cha majaribio ya ladha kifungwe ifikapo mwisho wa mwezi, kiwekwe mapipa. Ya tatu yaeleza dawa mpya iliyomwagwa Usangu: humwingia mdudu kwa kugusa ngozi. Nzige hahitaji kuionja.